Nguvu ya Kuita Watu: Watemi Makwaia wa Busiya

Mwaka 1931 Waafrika watatu wa Tanganyika waliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mmoja alikuwa Martin Kayamba, karani wa serikali kutoka Tanga, mtu wa kalamu. Wa pili alikuwa Francis Lwamugira wa Bukoba, katibu wa baraza la wafalme wa Buhaya. Wa tatu alikuwa Makwaia, mtemi wa Busiya, nchi ya Wasukuma ambayo ikulu yake ya Ukenyenge leo iko ndani ya Wilaya ya Kishapu.

Shauri lililowapeleka lilikuwa zito. Walowezi wa Kenya na marafiki zao serikalini walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Kwa mlowezi, muungano ulikuwa na maana moja: sauti yake, iliyokuwa na nguvu Nairobi, ingefika hadi Tabora na Shinyanga. Kwa Msukuma ulikuwa na maana nyingine: kubebeshwa kipande cha utambulisho, na ardhi kugawiwa wageni kama ilivyogawiwa kule Kenya. Mashahidi hao watatu waliukataa. Kamati nayo ikaamua kwamba wakati wa kuungana haujafika. Si maneno yao peke yake yaliyoleta uamuzi huo, kwa sababu Gavana Donald Cameron mwenyewe alikuwa ameupinga mpango huo kwa miaka kadhaa. Lakini walikwenda, wakasema, na maneno yao yakaandikwa. Kayamba aliporudi akaandika kitabu cha Kiswahili kuhusu safari hiyo. Makwaia alirudi Busiya, kwenye vichaka na mbung'o.

Habari za mtemi huyu na za mwanawe Kidaha hazisimuliwi vya kutosha, hata Kishapu kwenyewe. Tunapozungumzia watawala wa jadi chini ya Mwingereza huwa tunawaweka katika mafungu mawili: waliopigana, kama Mkwawa, na waliokuwa vibaraka. Makwaia baba na mwana hawakai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo. Walitaka kuibadilisha nchi yao, na chombo pekee walichokuwa nacho kilikuwa kiti ambacho mkoloni alikuwa ameshakishika mguu mmoja.

Tuanze na vichaka, maana ndivyo vilivyompa baba jina. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Usukuma ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wakiisha, nyasi hazina wa kuzila, na palipokuwa malisho panaota miti ya miiba. Palipo na kichaka panaingia wanyama pori, na pamoja nao mbung'o. Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918, iliyochukua wapagazi na chakula, na nyuma yake homa kali ya mafua. Kufikia miaka ya 1920 mbung'o walikuwa wakisogea kuelekea makazi ya watu mwaka hadi mwaka. Ng'ombe walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1922 malale yaliwapata watu wa Maswa, jirani kabisa, na hofu ikatanda nchi nzima.

Mwingereza aliyelishika jambo hilo alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori, baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o uliowekwa makao yake Shinyanga. Alikuwa mtu wa kutembea porini na kuandika kila alichokiona. Aina ya mbung'o wanaopatikana sehemu hizo imepewa jina lake hadi leo, Glossina swynnertoni. Swynnerton alijua kwamba mbung'o huyo hawezi kuishi bila kivuli. Ukiondoa kichaka umemwondolea nyumba. Lakini kichaka cha Shinyanga hakikuwa bustani. Kilienda maili kwa maili, na serikali haikuwa na fedha za kulipa vibarua wa kukifyeka. Hapo ndipo alipomhitaji mtemi.

Namna kazi ilivyofanyika inafaa kuangaliwa kwa karibu. Msimu wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na watu wakiwa na nafasi, mtemi alipeleka neno kwa wanangwa, wakuu wa vijiji, na kila mwanangwa akatoka na watu wake. Walifika kwa maelfu, na shoka begani. Kila kundi lilipewa ukanda wake. Mti ulikatwa chini, karibu na ardhi, ukaachwa ulale ukauke pale ulipoangukia. Mahali pengine hapakukatwa kitu, bali watu walikatazwa kuchoma nyasi mapema kama walivyozoea. Nyasi ziliachwa zisimame hadi mwisho wa kiangazi, zikakauka kabisa, kisha moto ukawashwa siku moja katika eneo zima. Moto wa mwanzo wa kiangazi hupita juu juu. Moto wa Oktoba huingia kichakani na kuua miti michanga. Kulinda nyasi zisichomwe na mwindaji au mchungaji mmoja asiyejali, miezi mizima, katika nchi isiyo na uzio, ni kazi ngumu kuliko kukata miti. Askari hawawezi kuilinda nchi nzima. Inalindwa na watu waliokubaliana.

Na walikubali kwa nini? Naamini jibu la swali hilo ndilo linalofungua historia yote hii. Mtemi wa Usukuma hakuwa mfalme wa kukaa juu ya watu na upanga. Alikuwa mtu wa mvua na mbegu. Nchi ikikauka, watu walimwuliza yeye, na palikuwapo watemi waliotolewa kwenye kiti kwa sababu mvua ilikataa. Watu walimlimia, naye alitunza ghala ambalo mwenye njaa angeweza kuliendea. Alipowaita, aliita kwa deni la pande mbili. Watu waliokuja na mashoka miaka ile ya 1920 walikuja kwa sababu aliyewaita ni mtemi, na kwa sababu ng'ombe waliokuwa wakifa ni wao.

Serikali ya Cameron iliiona nguvu hiyo na ikaitaka. Cameron alifika 1925, na sheria ya 1926 ikawafanya watemi kuwa serikali za wenyeji, wenye mahakama, hazina na mshahara. Kazi na mazao ambayo watu walikuwa wakimpa mtemi vikafutwa. Badala yake kodi ikakusanywa, na mtemi akalipwa kutoka hazina. Kwenye karatasi hayo yalikuwa maendeleo, na mengi yalikuwa maendeleo kweli: hazina ilijenga barabara, zahanati na shule. Lakini tazama kilichotokea chini yake. Mtemi aliyekuwa akiwategemea watu wake kwa chakula na heshima, sasa alimtegemea Bwana Shauri kwa mshahara. Watu nao, waliokuwa na njia zao za kumwondoa mtemi mbaya, waligundua kwamba neno la mwisho liko boma. Hata urithi ulibadilika. Katika tawala nyingi za Usukuma, utemi ulikuwa ukipitia upande wa mama, kwa mtoto wa dada. Chini ya Wajerumani na Waingereza ukazidi kupita kwa baba kwenda kwa mwana, kwa kuwa hivyo ndivyo Wazungu walivyoelewa ufalme.

Huko India jambo hili lilikuwa limeonekana zamani. Sayajirao wa Tatu, maharaja wa Baroda, aliyechukuliwa akiwa mtoto wa kijijini mwaka 1875 na kukalishwa kwenye kiti kwa idhini ya Waingereza, aliamuru mwaka 1906 kwamba kila mtoto katika dola yake aende shule ya msingi, wasichana kwa wavulana, miaka mingi kabla India ya Waingereza haijafanya hivyo. Alianzisha benki, akajenga maktaba, na mwaka 1913 akamgharamia kijana wa tabaka la watu wasioguswa aliyeitwa Bhimrao Ambedkar kwenda kusoma New York. Mwaka 1911, mbele ya Mfalme George wa Tano kule Delhi, aliinama kidogo tu na kuondoka akiwa amempa mgongo, na magazeti ya London yakawaka. Baroda iko Gujarat, na Gujarat ndiko walikotoka wengi wa wenye maduka na vinu vya pamba tuliowazoea Shinyanga. Sayajirao alikuwa na reli, mapato na mamilioni ya raia; mtemi wa Busiya alikuwa na hazina ndogo na karani. Lakini fundo lilikuwa lile lile: kila jema alilotaka kulifanya lilipita mlangoni kwa Mwingereza aliyewekwa kumwangalia.

Makwaia alilielewa fundo hilo, na akaamua mwanawe apewe kila kitu ambacho shule ya mkoloni ingeweza kutoa. Kidaha alizaliwa mwaka 1922. Alipelekwa Tabora, shule iliyofunguliwa miaka ya 1920 ikiwa na nia ya kuwafundisha wana wa watemi kutawala, kisha Makerere, na baadaye Oxford. Umri wake ni umri wa Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka huo huo na kupita Tabora na Makerere pia. Kidaha alikulia katika Uislamu, akabatizwa Mkatoliki na kuitwa David. Katikati ya miaka ya 1940, kabla ya kutimiza miaka 25, alikuwa mtemi wa Busiya.

Mambo yalikwenda mbio mno. Mwaka 1945 serikali iliingiza Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wawili: Abdiel Shangali, mangi wa Machame, na Kidaha Makwaia. Miaka michache baadaye waliongezwa Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe na mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Wanne kwa nchi nzima! Mwaka 1949 Gavana Edward Twining aliunda kamati ya kupendekeza katiba mpya, na Kidaha akawemo. Pendekezo lililotoka lilikuwa kwamba viti visivyo vya serikali vigawanywe sawa kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Kwa Wazungu wachache ilikuwa zawadi. Kwa Waafrika waliokuwa mamilioni ilikuwa hatua mbele kutoka viti vinne, na wakati huo huo tusi. Kidaha alikuwa amekaa mezani pale. Mwaka 1951 akaingia Baraza la Utendaji, ndani kabisa ya chumba cha Gavana.

Wakati huo nyumbani Usukuma kulikuwa kumeanzishwa kitu kikubwa. Mwaka 1946 watemi wa wilaya zote za Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lenye makao Malya, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa maendeleo wa Usukuma. Kwa Waingereza ulikuwa mfano wa kuonyesha wageni. Malambo yalichimbwa, na yako mengi ambayo ng'ombe wanayanywa hadi leo. Minada ya ng'ombe ikapangwa. Watu wa Shinyanga, Kwimba na Maswa, ambako ardhi ilikuwa imebanwa, wakafunguliwa njia ya kuhamia Geita, ng'ambo ya ghuba, ambako vichaka vilikuwa vinafyekwa. Ndiyo sababu hadi leo ukikaa Geita, mji wa dhahabu, utawasikia wazee wakihesabu ukoo wao kurudi nyuma hadi Shinyanga.

Lakini mpango huo ulikuja na amri. Mkulima wa pamba alitakiwa kutengeneza matuta ya kufunga: baada ya kuinua tuta refu, anarudi na jembe kuweka kizuizi cha udongo kila baada ya hatua chache katikati ya matuta, ili mvua itue mahali ilipoangukia badala ya kukimbilia mtoni. Utaalamu wenyewe ni mzuri; katika nchi ya mvua haba maji hayo ni mavuno. Ila ni kazi ya kuvunja mgongo, inafanywa wakati ule ule wa kupanda, na asiyeifanya alipelekwa barazani kutozwa faini. Ng'ombe nao walitakiwa wapunguzwe, na wakatozwa kodi. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni undugu. Kila tuta lisilofungwa na kila ng'ombe aliyefichwa vilimrudia mtemi, kwa kuwa faini ilitozwa katika mahakama yake na kwa jina lake.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya baba na mwana, na si tofauti ya tabia. Makwaia mkubwa aliita watu kufyeka vichaka na watu wakaona mbung'o wakirudi nyuma, ng'ombe wakinona. Aliitumia nguvu ya utemi, nayo ikamrudia kwa faida iliyoonekana. Kizazi cha Kidaha kiliitwa kutumia nguvu ile ile kwa amri nyingi mno, zilizoandikwa na mabwana shamba, ambazo faida yake ilikuwa mbali na adhabu yake ilikuwa karibu. Serikali ilikopa heshima ya watemi mwaka hadi mwaka na haikurudisha kitu. Mtawala hodari kuliko wote asingeweza kulijaza pengo hilo.

Na pale pale jirani, almasi. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua Mwadui, eneo ambalo leo ni la Kishapu. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. Ndani ya uzio wa Mwadui kulikuwa na umeme, hospitali na uwanja wa ndege. Nje ya uzio mkulima alikuwa akifunga matuta. Mtemi aliyekuwa na kiti katika Baraza la Gavana hakuwa na neno lolote juu ya jiwe lililotoka katika ardhi ya jirani zake.

Mwaka 1953 Kidaha aliteuliwa katika Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Sir Hugh Dow, kuchunguza ardhi na watu katika nchi zote tatu. Alikuwa Mwafrika pekee kati ya wajumbe. Ripoti yao ya 1955 ilipendekeza ardhi imilikiwe na mtu mmoja mmoja, soko liwe huru, vizuizi vya rangi katika uchumi viondolewe. Ni fikra nzito, na kuhusu vizuizi vya rangi ilisema mambo ambayo walowezi hawakuyapenda. Lakini kuhusu ardhi ilikwenda njia ambayo Nyerere aliipinga waziwazi mwaka 1958, aliposema kuwa ardhi haiwezi kuwa bidhaa ya mtu kuuza.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na mlango mwingine. Mwandishi wa historia Mohamed Said ameeleza jinsi Abdulwahid Sykes na wenzake Dar es Salaam walivyokuwa wakimfuata Kidaha na kumsihi aache kiti cha Baraza, achukue uongozi wa chama cha TAA na kukigeuza chama cha siasa. Walikuwa na sababu nzuri. Alikuwa na elimu, alitoka katika kabila kubwa kuliko yote nchini, na Waingereza wasingeweza kusema kwamba hajui kutawala. Alikataa. Aprili 1953 Nyerere akachaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa.

Wapo wanaouita uamuzi huo woga. Sikubaliani nao. Mtu aliyelelewa tangu utoto kwamba nchi huendeshwa na mwenye kiti na kuboreshwa kutoka juu, ambaye baba yake alikwenda London akaongea na nchi ikaokoka na muungano wa walowezi, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba njia ya chumba cha ndani inafika. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutoona kwamba mwaka 1931 mtemi aliongea London akiwa na watu nyuma yake, na kufikia 1953 watu walikuwa wameanza kumtazama mtemi kama karani wa matuta. Au labda aliliona. Mwaka 1954 aliachia utemi, kiti kikaenda kwa ndugu yake Hussein, na Kidaha mwenyewe akaingia utumishi wa serikali.

Usukuma ikapata waitaji wengine. Paul Bomani aliwaita wakulima wa pamba katika ushirika, wakaja kwa maelfu, wakachanga fedha zao wenyewe, na Victoria Federation ikawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani. TANU ilipigwa marufuku Kanda ya Ziwa tangu 1954 hadi 1958, lakini iliendelea kupita chini kwa chini katika mizani za pamba. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la rangi mchanganyiko walilowekewa, wakaandamana hadi Mwanza, na amri nyingi za mpango wa Usukuma zikaporomoka. Mkulima aliacha kufunga matuta siku aliyojua hakuna wa kumtoza, hata kama shamba lake lilihitaji matuta hayo.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, utemi ulifutwa kisheria nchi nzima. Kidaha, aliyekuwa rafiki wa Nyerere tangu ujana, alijikuta akipelekwa kuishi Tunduru, kusini kabisa, mbali na Busiya kuliko karibu mahali popote pengine nchini. Zuio hilo liliondolewa baadaye. Hakurudi kwenye siasa. Alifariki mwaka 2007, na vijana wengi wa Shinyanga waliosikia habari hiyo hawakujua kwamba palikuwa na siku ambapo watu walimtaja kama kiongozi wa kesho wa Tanganyika nzima.

Vichaka vile vina sehemu ya pili ya hadithi, na haki inatutaka tuiseme. Kufyeka kuliondoa mbung'o, watu na ng'ombe wakajaa palipofyekwa, mashamba ya pamba yakafuata, miti ya kuni ikaisha, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti ya kigeni. Kilichofanikiwa zaidi kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa masika ili nyasi na miti ikue, na kukifungulia ng'ombe kiangazi kikikaza. Maelfu ya hekta yakarudi kuwa ya kijani. Anayekiuka ngitili hapelekwi kwa mtemi wala kwa bwana shamba. Anaitwa dagashida, mkutano wa kijiji, na wanakijiji wenyewe ndio wanaompangia faini.